Nilikula Nikiupa Mlango Mgongo

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kanyakine, sikuruhusiwa kula nikiwa nimeutazama mlango. Nilikaa kwenye kigoda cha Nyanya, sahani mapajani, mgongo mlangoni, uso kwenye ukuta wa mbao uliobandikwa magazeti ya zamani. Nadhani nusu ya kusoma kwangu nilijifunza pale, nikitafuna viazi na kusoma habari za mawaziri waliokwisha kustaafu. Mtu akipiga hodi, nilifunika sahani kwa mkono kabla hata sijajua ni nani. Sasa mimi ni mtu mzima, nina duka la sare za shule hapa Kaaga, na bado mteja akinikuta na chakula cha mchana mkono wangu wa kushoto huruka wenyewe kutafuta kitu cha kufunikia. Wasichana wanaonisaidia dukani hunicheka. Wanadhani nawaogopa nzi.

Si nzi. Nyanya, yaani mama yake baba, aliamini kwamba kuna watu wenye jicho. Hao si wachawi, na ukiwachanganya alikusahihisha palepale. Mchawi anajua anachofanya na anakifurahia, lakini mwenye jicho huenda hajijui hata kidogo. Anapita zake njiani, anamwona mtoto anakula kwa raha, anasema jinsi anavyokula vizuri bila kumtaja Mungu, na chakula kile kinamgeukia mtoto tumboni. Dawa yake ni moja tu. Aliyeangalia aje kwa hiari yake ateme mate juu ya tumbo la mtoto, na jicho linatoka. Msishangae habari ya mate. Kwetu mate ya mtu mzima si uchafu, wazee huwanyunyizia watoto kifuani wakiwabariki, nami nilinyunyiziwa kabla ya kila mtihani na sikuyafuta mpaka majibu yatoke.

Wala msimwone Nyanya kuwa mjinga, kwa maana nitakasirika. Aliimba sauti ya pili kanisani bila kushika kitabu. Alipogoa kahawa yake mwenyewe, na majirani walikuja kumwuliza tawi lipi likatwe na lipi liachwe. Mama yangu alikuwa mwalimu kule Ruiri, akija nyumbani mwisho wa wiki, na Baba alikuwa kazini Isiolo, nikimjua zaidi kwa likizo kuliko kwa siku za kawaida. Kwa hiyo tangu nilipoachishwa ziwa, mtu wangu alikuwa Nyanya. Alinilea kwa mikono yake na kwa mdomo wake pia. Nyama ikiwa ngumu, au mahindi ya githeri, yale ya kuchemshwa na maharagwe, yakikataa kuiva, aliyatafuna kwanza yeye mpaka yakawa laini, kisha akanitilia mdomoni kwa vidole. Wanawake wote wa rika lake walilea hivyo. Mimi niliota meno yote, nikaanza shule, na bado siku za nyama nilikaa karibu naye na kufungua mdomo, kwa sababu nilikuwa nimedekezwa na nilijua.

Yeye mwenyewe hakuachana na magadi. Alikuwa nayo kwenye pindo la leso, amefunga fundo dogo, na kila baada ya chakula alilamba kidogo kutuliza kiungulia. Alisema ni umri. Nilimjua na kile kiungulia kama nilivyomjua na ile leso, sikuwahi kufikiri kwamba kinaweza kuwa na jina lingine.

Tumbo langu lilianza nikiwa darasa la tatu. Lilikuwa likiuma hapa juu, chini ya kifua, na liliuma alfajiri. Niliamka nalo, likiniunguza kama nimemeza kaa la moto, nikajikunja kwenye blanketi nikisikiliza jogoo. Nikipewa uji lilitulia, nikaenda shule nikicheza njiani, halafu kabla ya mapumziko likarudi. Nilianza kukonda. Mwalimu wangu alimwandama Nyanya akiuliza kama napewa chakula, na swali hilo lilimwuma Nyanya kuliko tusi.

Sasa, saa ileile ya alfajiri, kuna mtu aliyepita mbele ya geti letu kila siku. Aliitwa Mama Koome, jirani wa boma la tatu, rafiki yake Nyanya wa miaka mingi ingawa alikuwa mdogo kwake. Walichuma kahawa pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kanisani walikaa benchi moja. Mama Koome alikuwa akipeleka maziwa kwenye kituo kule barabarani, mtungi mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso. Na alikuwa na jicho moja bovu. Tawi la kahawa lilikuwa limemchapa wakati wa kupogoa, jicho likapona vibaya likawa linaangalia upande, hata ukisimama naye huwezi kujua kama anakuangalia wewe au mgomba ulio nyuma yako.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikila mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi, uliobaki jana, nimeelekea njia, mdomo umejaa. Mama Koome akasimama getini, akacheka kwa sauti. Alisema, "Kendi anakula vizuri, kama mtu ametoka kulima." Kisha akaenda zake na maziwa yake. Nilipofika shuleni nilikuwa siwezi kunyooka, na mwalimu alinirudisha nyumbani mkono tumboni.

Nyanya aliniuliza nimekula nini, nimekula wapi, na nani alipita. Nikasema yote, kwa sababu niliulizwa. Akaanza kuhesabu yale aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe. Mama Koome akipita, tumbo la mtoto linauma. Mtoto akiingizwa ndani, akapewa uji, tumbo linatulia. Leo amesifiwa wazi, leo ameanguka. Nawauliza, wakili gani angeishinda kesi hiyo? Leo najua kwamba kidonda cha tumbo huuma tumbo likiwa tupu na hutulia kidogo kikifunikwa na chakula, na kwamba alfajiri ni saa ya tumbo tupu kama ilivyo saa ya maziwa. Lakini kwa mtu aliyesimama jikoni kwa Nyanya, ushahidi wote ulielekea geti letu.

Ndipo likaja lile agizo la kula nikiupa mlango mgongo. Na ndipo Nyanya aliponiambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Alikuwa ananisugua tumbo kwa mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto.

"Aliyekufanya hivi si mtu wa mbali," alisema. "Mtu wa mbali hana haja na wewe. Ni mtu anakujua jina, na pengine hata anakupenda."

Mama alikuja mwisho wa wiki akanipeleka zahanati. Nikapewa dawa ya minyoo na shurubati nyeupe ya kutuliza tumbo, ikanipa nafuu ya siku chache, nikarudi palepale. Mama akasema twende hospitali kubwa Meru mjini. Nyanya akakataa, na hakukataa kwa ukaidi tu. Alikataa kwa hofu. Ilijulikana kwetu kwamba mtu mwenye jicho tumboni akidungwa sindano, hafiki jioni. Kila mtu alikuwa na mfano wa mtoto fulani wa mtaa fulani. Kwanza Mama Koome ateme mate, Nyanya alisema, halafu mnaweza kumpeleka mnakotaka.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa kuogopwa na darasa zima la nane, lakini mbele ya mama mkwe wake alikuwa mwanafunzi. Alienda nyuma ya nyumba, akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Nyanya akatuma ujumbe kwa Mama Koome, kwa heshima, kupitia mwanamke mwingine wa kanisa. Jibu lilirudi siku hiyohiyo kwamba hatakuja. Wengi walimlaumu, hata mimi nilimwogopa, nikawa nikisikia mtungi wake unagongagonga njiani najificha chini ya kitanda. Baadaye sana, nikiwa mkubwa, ndipo nilipoelewa alivyobanwa. Akitema, amekubali kwamba ana jicho, na jina hilo halitoki. Angebaki nalo yeye, wangebaki nalo binti zake, na mwanawe Koome angezunguka nchi nzima kabla ya kupata wazazi wa kumkubali awe mkwe. Asipotema, ni mwanamke aliyeachilia mjukuu wa rafiki yake afe. Hakukuwa na mlango wa tatu.

Hata kabla hajajibu, watu walikuwa wamekwisha kujibu kwa niaba yake. Kituoni wanawake walisogeza mitungi yao alipofika. Jumapili moja baada ya ibada, wanawake wa kanisa walikunywa chai uwanjani kama kawaida, na nikaona kwa macho yangu jinsi walivyogeuka mmoja mmoja, kikombe na mkate kifuani, mpaka Mama Koome akabaki amesimama katikati akitazama migongo. Alikunywa chai yake yote. Halafu akaosha kikombe, akakiweka kwenye karai, akaenda nyumbani bila haraka. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kwamba nimeona jambo baya.

Asubuhi ya Jumamosi iliyofuata nilitapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi, kimesagika, kama makapi ya kahawa yaliyolowa mvua. Choo changu pia kilikuwa kimekuwa cheusi kama lami, ila nilikuwa nimeona aibu kusema. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nakumbuka Mama ananiangalia viganja na kucha, anaona vimekuwa vyeupe, na analia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia. Alinifunga kwenye shuka anibebe. Nyanya akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Ukimpeleka hivi utarudi na maiti," alimwambia. "Mimi nimezika watoto wawili. Wewe hujazika."

Hilo sikuwa nikilijua. Mama naye, naamini, hakuwa akilijua. Tulibaki hivyo, Nyanya mlangoni, Mama na mimi ndani, wote watatu tumekwama kwa sababu ya kupendana.

Kisha tukasikia mtungi ukiwekwa chini getini. Mama Koome aliingia uani akifungua mkanda kichwani, alama yake imebaki kwenye paji. Alikuwa amesikia kilio akiwa njiani. Hakumsalimu mtu.

"Mama Murithi," alisema, kwa maana Murithi ni baba yangu. "Uliniita. Nimekuja."

Nyanya aliteremsha mikono lakini hakutoka mlangoni.

"Nitatema hayo mate," Mama Koome akaendelea. "Lakini nikishatema, huyu mtoto anaenda hospitali ya Meru leo, sasa hivi, na atadungwa sindano zote wanataka kumdunga. Na wewe hutamzuia. Tumeelewana?"

"Ukitema kwa roho yako, jicho limetoka," Nyanya alijibu. "Sindano haiwezi kumfanya kitu."

"Basi nimeshika maneno yako."

Alipiga magoti sakafuni pale nilipolala. Nilitaka kujificha na sikuwa na nguvu. Akanipandisha gauni, akaweka kiganja tumboni kwangu, kiganja kigumu na chenye joto, kinanuka maziwa. Jicho lake zima lilikuwa limenikazia mimi na lile bovu linatazama ukuta wa magazeti.

"Kendi," aliniambia polepole, "nilisema unakula vizuri kwa sababu nilifurahi kukuona."

Akatema. Ilikuwa manyunyu tu, kama ya baraka. Kisha akasimama, akajipangusa mdomo kwa kona ya leso, akaniinua pale sakafuni na kunibeba yeye mwenyewe mpaka barabarani, maana Mama alikuwa anatetemeka sana. Maziwa yake yalibaki getini mpaka jua likayaharibu.

Hospitalini niliongezwa damu. Sindano nilidungwa, jioni ikafika, nami nikafika nayo. Daktari aliyenishughulikia alikuwa dada mmoja mpole, mwenye sauti ya chini. Waliniingiza mpira wenye kamera mdomoni nikiwa nimelazwa usingizi, wakaona kidonda ndani ya tumbo, kinavuja damu, na ukuta wa tumbo umevimba kuzunguka pale. Wakachukua kipande kidogo wakakipima. Mama alikuwa kando ya kitanda, na Nyanya alikuwa amefika na thamosi ya uji, amevaa nguo za kanisa, kwa sababu hospitali kwake ilikuwa mahali pa kwenda ukiwa umejiandaa kwa lolote.

Daktari alieleza kwa Kiswahili, Mama akamtafsiria Nyanya kwa Kimeru pale alipokwama. Alisema ni bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi kwenye ukuta wa tumbo. Watu wengi sana wanavyo na hawaumwi kamwe. Wengine vinawaletea kiungulia na uvimbe, na wachache, kama mimi, vinawatoboa kidonda. Vina dawa, na dawa hiyo inatibu kabisa ikimezwa yote bila kuruka. Mtu huvipata akiwa mdogo, mara nyingi nyumbani kwao, kwa kinywa, kwa mikono, kwa maji. Kisha akauliza nani mwingine nyumbani anasumbuliwa na tumbo.

Mama aliangalia dirishani. Hakutaka kumwangalia mama mkwe wake, na Nyanya akaona jinsi asivyotaka. Mkono wa Nyanya ulikuwa kwenye pindo la leso, kwenye lile fundo la magadi.

"Ni mimi," alisema. "Lakini yangu ni kiungulia cha uzee."

Daktari akamwuliza kimemshika tangu lini, na Nyanya akasema tangu akiwa msichana. Akamwuliza ni nani aliyenilisha nikiwa mdogo. Nyanya alinitazama, akatazama mikono yake.

"Nilimtafunia," alisema. "Nilitafuna nikampa. Hata mwaka huu."

Yule daktari hakumgombeza, na ninamshukuru mpaka kesho. Alimwambia kwamba hakuna mtu anayeweza kuapa kuwa ilitoka hapo. Huenda ni maji, huenda ni kwa mama mzazi, huenda ni kwa mtoto mwenzangu. Alisema Nyanya naye apimwe, na asinitafunie tena mimi wala mtoto mwingine. Nyanya akapimwa. Alikuwa navyo.

Kwa hiyo tulimeza dawa pamoja, mimi na Nyanya, asubuhi na jioni, tukikaa meza moja. Zilikuwa nyingi na ziliacha ladha ya chuma mdomoni, hata chai ikawa kama imechemshwa na misumari. Tulikunjiana nyuso. Alinikazia nisiruke hata kidonge kimoja, nami nikamkazia yeye, maana alipenda kusema amekwisha kupona. Tumbo langu likanyamaza. Na siku moja, tukiwa tumemaliza kula, niliona amefungua fundo la leso, akatazama magadi, akayafunga tena bila kulamba. Aliguna kwa mshangao. Alikuwa ameishi na ule moto maisha yake yote akidhani ni sehemu ya mwili.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Lakini Kanyakine ilikuwa na maelezo yake. Mtoto alikuwa anakufa, Mama Koome akamtemea mate, mtoto akapona. Nani anahitaji ushahidi zaidi ya huo? Mama alijaribu kueleza habari ya bakteria kituoni na kanisani, kwa ile sauti yake ya darasani, wakamsikiliza kwa adabu, halafu wakaendelea kufunika sufuria. Kabla ya hapo watu walishuku tu. Sasa Mama Koome alikuwa amekiri mwenyewe, kwa magoti, mbele ya mashahidi. Aliendelea kupita na maziwa yake lakini alipita akitazama chini, na hakusimama tena getini kwetu.

Nyanya alichuma kahawa peke yake msimu ule, na benchi lao kanisani alikaa upande mmoja na Mama Koome upande mwingine, katikati pamebaki nafasi ya watu wawili. Nilijua anawaza kitu, kwa sababu alikuwa akiimba sauti ya kwanza bila kujijua.

Halafu asubuhi moja aliamka mapema kuliko kawaida, akapika mukimo. Aliuponda vizuri, viazi, mahindi na majani ya maboga, akajaza sahani kubwa ya wageni na nyingine ndogo yangu, kila moja na kijiko chake. Akanishika mkono. Nilidhani tunampelekea mgonjwa. Tukaenda mpaka kituo cha maziwa, saa ile wanawake wote wamepanga foleni na mitungi yao, na Mama Koome amesimama nyuma kabisa, peke yake kama siku zote.

Nyanya alichagua jiwe lililokuwa mbele ya Mama Koome, uso kwa uso. Akaketi. Akaniketisha kando. Akaweka sahani mapajani, wazi, bila kitambaa, na kumwita kwa jina.

"Mama Koome, niangalie nikila."

Yule anayepima maziwa aliacha kupima. Mama Koome alishika mkanda wa mtungi wake kama anayetaka kuondoka, lakini hakuondoka. Nyanya alikula kijiko cha kwanza, akatafuna, akameza. Akala cha pili. Akanitazama mimi, nikaelewa kwamba ni zamu yangu, nikala nikimtazama Mama Koome moja kwa moja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kula nje tangu siku ile ya kizingiti. Moyo ulinidunda, lakini njaa ilikuwepo na mukimo wa Nyanya ulikuwa mtamu.

"Sasa sema," Nyanya akamwambia.

"Niseme nini, Mama Murithi?"

"Sema ile ulisema siku ile."

Mama Koome alitazama foleni nzima, mmoja hadi mwingine. Kisha akasema, kwa sauti iliyosikika, "Kendi anakula vizuri." Na baada ya kidogo akaongeza, "Na Mama Murithi pia."

Nyanya aliendelea kula mpaka akafika katikati ya sahani. Ndipo akageuka kuwaelekea wale wengine.

"Huyu hakuwa na jicho," aliwaambia. "Ugonjwa wa mtoto ulikuwa kwa mdomo wangu. Nilimpa nikimlisha. Nimepimwa Meru, na dawa nimemeza. Mkitaka kufunika sahani, funikeni mimi nikipita."

Kisha akafuta kijiko, akatoa kingine mfukoni mwa aproni, kipya, akampa Mama Koome na nusu ya sahani iliyobaki. Mama Koome alipokea kwa mikono miwili. Alikula amesimama, akilia waziwazi, na hakuna mtu aliyegeuza mgongo.

Sitadanganya kwamba kila mtu aliamini. Wapo waliosema kwamba sasa hata Nyanya ameambukizwa jicho. Lakini ni vigumu kumwogopa mwanamke ambaye umemwona kwa macho yako akilia na mukimo mdomoni, na msimu uliofuata walichuma kahawa kwa zamu tena, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Koome alioa. Nyanya aliishi miaka mingi bila magadi, na kwa wajukuu waliofuata alinunua sahani ndogo na kijiko kidogo kwa kila mmoja, akawaponda chakula kwa uma na kuwafokea mama zao walioonja kwa kijiko cha mtoto. Nilimzika nikimdai miaka mingine kumi.

Nikiwa dukani, mkono unaporuka kufunika sahani, huwa nayakumbuka maneno yake wakati ananisugua tumbo, kwamba aliyenifanya hivi si mtu wa mbali, ni mtu anayenijua jina na kunipenda. Nyanya alikuwa amesema kweli. Alisema kweli kwa kila neno, na siku alipojua neno hilo linamhusu nani, alilichukua akaenda nalo mahali penye watu wengi kuliko pote tulipojua. Mimi ni mwoga wa kuomba radhi hata kwa mume wangu jikoni, lakini nina damu ya mwanamke yule na ninajivuna nayo.

Likizo ya Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu Makena kwa Mama Koome. Ni mzee sana sasa, na jicho lake zima nalo limefifia, anatambua watu kwa sauti. Tulimbebea mukimo. Nikapakua sahani tatu, Makena akaketi kwenye kizingiti kama nilivyokuwa nikiketi, na kwa mazoea aliyoyachukua kwangu bila kufundishwa, akauelekea ukuta.

Mama Koome aligeuza kichwa, akasikiliza mlio wa kijiko.

"Huyo mtoto anakula?" aliniuliza.

"Anakula, Cucu," nilimjibu, kama Wameru wanavyomwita bibi.

"Anakula vizuri?"

Nilimshika Makena mabega nikamgeuza, akaelekeana na uso ule wa kizee uliokuwa ukimtafuta, nikamwambia ajibu mwenyewe. Akasema ndiyo, anakula vizuri sana. Mama Koome alicheka kama alivyocheka getini siku ile, akanyoosha mkono mpaka akampata, akamnyunyizia baraka kifuani. Nami nikachukua sahani yangu nikaendelea kula, na mkono wa kushoto ukabaki umetulia gotini.